Mtoto yuko nyuklia ya majini: maswali yenu na majibu yetu

Safu ya mwezi huu tumewaachia jamaa za vijana waliojiunga na kitengo cha nyuklia cha Jeshi la Wanamaji la Marekani, wale wanaoendesha vinu vinavyosukuma nyambizi zote na manowari zote za kubeba ndege za nchi hiyo. Barua nyingi zimetoka Marekani kwenyewe, mbili zimetoka huku nyumbani. Tumezifupisha na majina tumeyaondoa.

Habari zenu wahariri. Kijana wangu ana miaka 19, yuko chuo cha nyuklia South Carolina. Zamani alipiga simu kila Jumapili. Siku hizi naweza kukaa wiki mbili nikapata neno moja tu, "nipo". Nikimuuliza anasoma nini, ananiambia hawezi kusema. Baba yake anadhani ameingia kwenye makundi mabaya. (Mama, Dallas)

Salama, mama. "Nipo" ni jibu la mtu aliyezama kwenye masomo, na ukiiona ratiba yake utaelewa.

Chuo kiko Goose Creek, pembeni ya Charleston. Mafunzo yana hatua tatu. Ya kwanza, A School, ni ya fani: fundi mitambo hukaa kama miezi 3, wa umeme na wa elektroniki kama 6. Ya pili ndiyo Power School, miezi 6 ya hesabu, fizikia ya nyuklia, kemia, metali, joto na mvuke, kinga ya mionzi na namna kinu kinavyofanya kazi. Ya tatu huitwa prototaipu, miezi 6 mingine, na hapo kijana anashika kinu chenyewe: ama hapo hapo Charleston, kwenye nyambizi zilizostaafishwa na kufungwa gatini, ama Ballston Spa katika jimbo la New York. Ongeza wiki za kusubiri darasa lianze kati ya hatua na hatua, unapata mwaka mmoja na nusu hadi miwili.

Hilo la kutoweza kusema ni kweli. Sehemu kubwa ya masomo ni siri, daftari haliondoki kwenye jengo la madarasa na simu haiingii humo. Akitaka kurudia somo jioni, hawezi kulisomea bwenini. Lazima arudi jengoni. Alama huhesabiwa juu ya 4.0 na kufaulu ni 2.5. Anayeyumba hupangiwa saa za lazima za kujisomea baada ya vipindi, na kwa wiki zinaweza kupita 20. Mtu akitoka huko usiku anatafuta kitanda, hatafuti simu.

Wanaoanguka kwa kawaida si wajinga, maana mtihani wa kuingia ulishawachuja. Kuna aliyekuwa wa kwanza sekondari bila kufungua daftari. Hapa mada mpya inakuja kila siku na hajawahi kujifunza kusoma kwa utaratibu. Kuna anayekesha akisoma, kesho yake anasinzia darasani, na kusinzia darasani pale ni kosa. Kuna mkopo wa gari unaomnyima usingizi, kuna uchumba wa mbali, na kuna pombe, ambayo chini ya miaka 21 ni marufuku. Kukamatwa mara moja akiendesha gari amelewa kunaweza kumfukuzisha kwenye kitengo.

Wewe msaidie hivi. Tuma ujumbe usiodai jibu: picha ya chakula cha Jumapili, sauti ya mdogo wake akimsalimia. Mkubaliane siku moja ya kupigiana, dakika kumi, yeye ndiye apige. Muulize amelala saa ngapi kabla ya kumuuliza amepata ngapi. Mwulize pia tarehe ya mtihani mkuu wa Power School, ambao unagusa miezi yote sita, na kwa wiki mbili kabla yake ugomvi wa shangazi, deni la baba mdogo na habari za mirathi visimfikie. Kupiga simu chuoni kuuliza maendeleo yake hakusaidii, kwa kuwa ni mtu mzima na hawatakupa alama zake.

Cha kukutia wasiwasi ni kitu kingine: akiacha kula, akisema "heri nisingekuwepo", au akianza kugawa vitu vyake. Hapo usingoje Jumapili. Soma jibu letu kwa baba wa Houston hapo chini.

Wandugu, mtoto wetu anakwenda Great Lakes mwezi ujao. Tumesikia watatutumia nguo zake kwenye sanduku, mke wangu ameanza kulia. (Baba, Louisville)

Pole na hongera, ndugu. Sanduku ni jambo la kawaida kabisa. Kila kuruta wa Jeshi la Wanamaji hupitia depo hiyo moja, kaskazini ya Chicago, kwa wiki 9 hivi. Usiku wa kufika mtapata simu fupi ambayo inasikika kama mtu anasoma karatasi, kwa sababu kweli anasoma karatasi. Kisha kimya, kisha nguo alizovaa siku ya kuondoka, kisha barua yenye anwani na namba ya divisheni yake.

Iandikeni anwani hiyo herufi kwa herufi, kwani bila namba ya divisheni barua inazurura. Tumieni bahasha nyeupe isiyo na mapambo. Ya maua na marashi inamfanya aonekane mbele ya wakufunzi, na hicho ndicho asichotaka. Msitume chakula. Barua fupi za mara kwa mara ni bora kuliko ndefu moja.

Kuhusu sherehe ya kuhitimu: kuruta mwenyewe ndiye huandikisha majina ya wageni, nafasi ni chache, na jina lazima lifanane na kitambulisho. Kama kwenye leseni mke wako ana majina matatu, mwambieni mtoto aandike yote matatu. Na msikodi ukumbi wa watu mia. Wa nyuklia hupewa saa chache za kutoka na familia, kisha husafirishwa kwenda Charleston.

Mimi ni Mkenya, mke wangu pia, binti yetu amezaliwa hapa Minnesota. Amechaguliwa nyuklia na sasa anajaza fomu za upekuzi. Miaka iliyopita nilinunua ploti Kitengela nikaiandikisha kwa jina lake. Shemeji anasema tunyamaze tu, nani atajua? Pia ana pasipoti ya Kenya. (Baba, Minneapolis)

Shemeji yako anataka kumharibia mtoto kazi, ingawa hajui hilo.

Kitengo cha nyuklia huchukua raia wa Marekani tu. Mwenye green card anaweza kuingia jeshini, ila kwa kazi nyingine. Na kila wa nyuklia lazima apate kibali cha usalama, ambacho huanza na fomu ndefu iitwayo SF-86. Fomu hiyo inauliza waziwazi kuhusu mali nje ya nchi: ardhi, nyumba, akaunti ya benki, hisa, na hata mali ambayo mtu mwingine anaishika kwa niaba yake. Ploti ya Kitengela imo humo ndani. Ikiandikwa, ni mstari mmoja: iko wapi, ilinunuliwa lini, kwa kiasi gani, nani alilipa, ina thamani gani leo. Ikifichwa, ni uongo kwa serikali ya shirikisho, na hilo ni kosa la jinai. Ploti moja iliyoandikwa ni jambo ambalo wapekuzi wamezoea kuliona. Wakigundua imefichwa, watajiuliza ni nini kingine ambacho hajasema.

Pasipoti ya Kenya nayo iandikwe. Uraia pacha peke yake haumfungii mtu mlango, ila lazima atangaze.

Mpe sasa hivi mambo yatakayomchukua muda kuyapata akiwa peke yake. Ndugu wa karibu wanaoishi Kenya, yaani wazazi, kaka, dada na wengine ambao fomu inawataja, wanahitaji jina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa, uraia, anwani, kazi, na kama wana ajira serikalini. Sisi tuna bibi wasio na tarehe ya kuzaliwa iliyo sahihi. Aandike mwaka anaoujua na aeleze kwamba ni makadirio. Pia andaa safari zake zote za nje na tarehe zake, mkianza na mihuri ya pasipoti.

La pesa ndilo huwaumiza vijana wetu zaidi. Kutuma fedha nyumbani si kosa. Kosa ni deni lisilolipwa. Akikuwekea dhamana ya mkopo nawe ukachelewa, deni likapelekwa kwa wakusanya madeni, linaonekana kwenye rekodi yake na kibali kinaweza kuingia mashakani. Kwa hiyo msimfanye mdhamini wa gari la mtu. Michango ya ukoo na awamu za chama mpangieni kiasi ambacho mshahara wa mwanajeshi mdogo unakibeba, kisha msimuongezee katikati ya mwezi kwa sababu "yeye yuko jeshini".

Akishapata kibali, safari ya nje anatakiwa kuitangaza kabla ya kupanda ndege, pamoja na kuomba likizo. Msiba ukitokea Machakos, mpigieni yeye kwanza, kabla ya kukata tiketi.

Na kama kuna anayekuambia nyambizi si mahali pa msichana: wanawake maafisa wapo kwenye nyambizi tangu 2011, na wasio maafisa tangu 2016.

Salaam alaykum. Mjukuu wangu atakaa mita chache kutoka kwenye kinu cha nyuklia. Atapata watoto kweli? (Babu, Tanga)

Wa alaykum salaam babu, na shikamoo. Swali hili wengi wanalo ila wanaona haya kuliuliza.

Kila anayefanya kazi kwenye mitambo huvaa kipimo kidogo cha mionzi, hasa kwenye mkanda, nacho husomwa na kuandikwa kwenye kumbukumbu zake. Kikomo cha sheria ya Marekani kwa wafanyakazi wa aina hii ni rem 5 kwa mwaka (rem ni kipimo cha mionzi inayompata mtu). Wastani wa wanamaji wa nyuklia haufiki hata sehemu moja ya kumi ya rem kwa mwaka. Ulinganishe na raia wa kawaida wa Marekani, ambaye hupata kama rem 0.3 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye gesi ya radoni nyumbani kwake. Kinu kimezungushiwa madini ya risasi, chuma na maji, na nyambizi ikizama, bahari yenyewe inazuia mionzi ya angani. Ndiyo maana baharia aliye chini ya maji anaweza kupata mionzi pungufu kuliko wewe uliyekaa barazani. Kwa viwango hivyo, babu, mionzi si sababu ya kukosa vitukuu.

Hatari za kweli za kila siku kwenye chumba cha mitambo ni mvuke wenye moto mkali, umeme, ngazi za wima na uchovu. Mwombee kwa hayo.

Tumefunga ndoa mwezi uliopita. Mume wangu amepangiwa prototaipu Ballston Spa, miezi sita tu, lakini wenye nyumba wote wanataka mkataba wa mwaka. Posho ya nyumba haijaingia na sina bima. Nianzie wapi? (Mke, New York)

Anzia DEERS, dada, maana bila hiyo hakuna kinachosogea. Ni daftari la familia za wanajeshi, na jina lako likiwa halimo, huna bima ya Tricare, huna kitambulisho, huwezi hata kuingia kambini peke yako. Nendeni wote wawili ofisi ya vitambulisho mkiwa na cheti halisi cha ndoa, cheti chako cha kuzaliwa, kadi yako ya Social Security na kitambulisho chenye picha. Cheti kisicho cha Kiingereza kinahitaji tafsiri iliyothibitishwa; wanaotoka Kongo wenye vyeti vya Kifaransa hukwama hapo. Bima chagueni mapema: ndoa huwapa siku 90 za kubadili mpango. Bima ya meno ni mpango wa peke yake na haiji yenyewe.

Posho ya nyumba, BAH, haianzi kwa sababu tu mmefunga ndoa. Mume apeleke cheti kwenye ofisi inayoshughulikia mishahara, kisha mwangalie kila tarehe 1 na 15 kwenye karatasi ya mshahara. Ikichelewa kuingia, hulipwa kwa kurudi nyuma, kwa hiyo hifadhini nakala ya kila mlichowasilisha na tarehe yake. Kabla haijaonekana kwenye karatasi, msichukue nyumba mkiitegemea.

Mkataba wa mwaka sainini bila hofu, ila someni kwanza. Sheria ya SCRA humruhusu mwanajeshi kuvunja mkataba wa nyumba akipata amri ya uhamisho, au ya kupelekwa kazini kwa siku 90 au zaidi. Anampa mwenye nyumba notisi ya maandishi pamoja na nakala ya amri. Mkataba unaisha siku 30 baada ya tarehe ya kodi inayofuata. Mfano: notisi imefika Machi 18, kodi inayofuata ni Aprili 1, mnatoka Mei 1 na kodi mnalipa mpaka hapo. Wanaoingia hasara ni wale waliotoa notisi kwa mdomo, au waliosaini karatasi tofauti inayosema wanaiachilia haki hiyo.

Kuhusu maisha yenyewe: prototaipu ni zamu za saa 12 zinazozunguka, wiki hii mchana, nyingine usiku. Nunua pazia nzito la chumba cha kulala na feni ya kufunika kelele kabla ya kununua seti ya sofa. Wageni wa "tumepita tu kuwasalimia" wajue leo amelala. Kule theluji ni nyingi, hivyo matairi ya baridi yaingie kwenye bajeti ya Novemba.

Shikamooni. Mchumba wangu ni Mmarekani mwenye asili ya Tanzania, yuko nyuklia. Mimi niko Dar. Ameniambia lazima aripoti uhusiano wetu kazini. Najisikia kama mhalifu. (Binti, Dar es Salaam)

Marahaba, binti. Si mhalifu. Mwenye kibali cha usalama anatakiwa kuripoti uhusiano wa karibu na raia wa nchi nyingine, awe wa Tanzania au wa Kanada, na kuripoti tena kabla ya ndoa. Akiripoti mapema amejilinda, na wewe amekulinda. Mpe majina yako kamili, tarehe ya kuzaliwa, kazi yako na ya wazazi wako kama zilivyo. Usimwombe picha za ndani ya meli wala simu ya video akiwa kazini. Akikushauri mfunge ndoa ya haraka ili posho ianze, mwambie mambo ya viza na ya kibali yote mawili yanaenda vizuri zaidi kwa ndoa isiyo na haraka.

Mwanangu ametolewa nyuklia akiwa Power School. Hataki kuongea na mtu. Ukoo mzima ulijua anakwenda kuwa injinia wa nyuklia, sasa niwaambie nini? (Baba, Houston)

Ukoo usubiri, mzee. Kwanza mjue yeye yuko wapi kimawazo.

Kutolewa nyuklia si kufukuzwa jeshini. Kwa kawaida aliyeshindwa masomo hubaki mwanamaji na hupangiwa kazi nyingine kulingana na mahitaji ya jeshi, na anaweza kuwa na sauti ndogo kwenye uchaguzi huo. Asome mkataba wake na mshauri wa ajira wa kikosi ajue cheo na miaka yake vinakuwaje. Wapo wengi waliofanya kazi nzuri kwenye meli wakiwa kwenye fani nyingine. Wewe usimwambie hivyo wiki hii. Wiki hii msikilize.

Muulize moja kwa moja: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, kunamfungulia mlango wa kusema. Akisema ndiyo, abaki na mtu. Akiwa Marekani anapiga 988 kisha 1, laini ya wanajeshi na waliostaafu, saa zote. Kama hatari iko mlangoni, 911, au wewe piga simu kwa ofisa wa zamu wa kikosi chake. Katika hali hiyo kupiga simu chuoni kunaruhusiwa na kunafaa. Kasisi wa jeshi hupokea siri na haiandiki popote, awe wa dini yake au la. Na chini ya Sheria ya Brandon mwanajeshi anaweza kumwambia kiongozi wake tu kwamba anaomba uchunguzi wa afya ya akili. Halazimiki kueleza sababu, na kiongozi analazimika kumpeleka.

Vijana wengi wa nyuklia hukwepa daktari wakiogopa kuondolewa. Ni kweli kwamba dawa nyingine humweka mtu pembeni ya kazi ya kinu au nyambizi kwa muda. Wengine hurudi, wengine hawarudi. Sisi tunasema aende, na aende mapema, maana anayekwenda mapema ana njia nyingi zaidi za kurudi.

Wa ukoo waambie amebadilishiwa kazi. Ndiyo kweli, na inatosha.

Kaka yangu amefika kwenye nyambizi yake ya kwanza, iko Bangor hapa Washington. Tulidhani shule imekwisha, kumbe sasa ndiyo haonekani kabisa. Karibuni wataondoka. Tufanye nini kabla na baada? (Dada, Seattle)

Shule ya darasani imekwisha. Ya melini imeanza. Kinu alichojifunzia si kinu cha meli yake, hivyo anafuzu upya kwa kila zamu ya mitambo. Juu ya hapo anatakiwa kuijua nyambizi nzima, kuanzia mirija ya makombora hadi mabomba ya maji machafu, ili avishwe beji ya pomboo, na kwa kawaida hiyo huchukua kama mwaka. Ana kadi ya saini: kila mfumo anakwenda kwa mtu aliyefuzu, anaulizwa mpaka akwame, anarudi kusoma, ndipo anasainiwa. Anayechelewa hupoteza mapumziko yake. Meli ikiwa gatini bado kila baada ya siku chache analala humo zamu ya saa 24. Na jamaa wanaokwenda kupokea meli wajue hili: wa nyuklia huingia kabla ya wengine ili wawashe kinu, na hutoka baada ya wengine, kwa sababu kuna wa kukizima. Mkimwona kila mtu ameshuka na wenu hayupo, kaeni tu.

Nyambizi nyingi za Bangor ni za aina iitwayo Ohio, za makombora. Kila nyambizi ya makombora ya nyuklia ina vikosi viwili vya mabaharia, Blue na Gold, vinavyopokezana. Doria ya kawaida ni wastani wa siku 77, kisha matengenezo ya kama siku 35. Tarehe ya kuondoka na ya kurudi msiiandike popote, hata kwenye grupu la familia la WhatsApp. Grupu lenye watu 80 katika nchi nne si siri ya familia.

Kabla hajaondoka, asaini hati za uwakili ofisi ya sheria ya kambi, bure: moja ya gari, moja ya kodi, kila moja kwa jambo lake. Hati ya jumla inayoruhusu kila kitu tunaiogopa, na benki nyingi nazo huikataa. Gari lisiachwe na bima iliyokwisha. Aweke namba ya simu na barua pepe ya ombudsmani wa meli mikononi mwenu. Huyo ni mtu wa kujitolea, mara nyingi mke au mume wa baharia, ambaye kamanda amemteua awe kiungo na familia.

Kuhusu barua pepe: meli ya doria hupokea zaidi kuliko inavyotuma, na zinapita mikononi mwa watu wengine kabla ya kumfikia. Zipeni namba, Na. 1, Na. 2, kwa sababu hazifiki kwa mpangilio. Andikeni mambo ya nyumbani, mafupi. Msiandike kamwe "kuna jambo nitakuambia ukirudi": ataligeuza kichwani wiki tisa.

Katikati ya doria kuna usiku wa kusherehekea nusu ya safari, na familia huandaa boksi dogo mapema, kwa kipimo na tarehe atakazotoa ombudsmani. Fikiria boksi la viatu, maana godoro lake lina kabati la kina kifupi chini yake na hapo ndipo vitu vyake vyote vinalala. Wekeni picha zilizochapishwa, barua zilizoandikwa tarehe za kufunguliwa, korosho, kashata zilizofungwa vizuri, pakiti ndogo za chai ya viungo. Msiweke kitu cha kupuliza kwa gesi, pafyumu, rangi ya kucha wala udi. Hewa ya mle inazungushwa na kusafishwa ile ile, na kinachonukia kwako kwao kinabaki siku nyingi. Achari ya chupa ya kioo nayo iacheni.

Msiba au ugonjwa mkubwa ukitokea, piga Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani, 1-877-272-7337, saa 24. Watataka jina lake kamili, cheo, tarehe ya kuzaliwa, namba ya Social Security kama mnayo, na jina la meli. Pia jina la mgonjwa au marehemu, na simu ya daktari, hospitali au anayeshughulikia maziko atakayethibitisha. Kama ni Kenya au Tanzania, toa namba yenye +254 au +255 ambayo mtu ataipokea usiku wa kule. Msalaba Mwekundu huthibitisha na kufikisha. Likizo huamuliwa na kamanda. Meli ikiwa doria, huenda habari ikashikiliwa mpaka irudi. Kwa hiyo muulizeni kaka kabla hajaondoka kama angependa kuambiwa huko huko au akifika, na amweleze kiongozi wake.

Jambo moja linawakwamisha sana watu wetu. Kwa jeshi, jamaa wa karibu ni wazazi, mke au mume, watoto na ndugu wa tumbo moja. Mama mdogo aliyemlea kaka yako tangu ana miaka minne, kwenye karatasi ni mtu wa mbali. Kama kwenu yuko wa namna hiyo, kaka aeleze kikosini sasa kwamba alilelewa naye kama mzazi, na aandike maelezo hayo. Mkipiga simu siku ya shida, mtaje hilo kwenye sentensi ya kwanza. Tiketi ikiwa ghali, Navy-Marine Corps Relief Society hutoa mkopo usio na riba, na wakati mwingine msaada usiorudishwa.